Nanaa Imelala, Giligilani Imekimbilia Maua: Kutatua Matatizo ya Viungo vya Nyumbani Dodoma

Jani likilala tu, mtu anakimbilia jagi. Kwa Dodoma hilo linaeleweka: mvua ni kama milimita 570 kwa mwaka, na karibu yote inanyesha kati ya Desemba na Aprili. Miezi inayobaki ni vumbi na upepo. Kwa hiyo mche ukionyesha unyonge hukumu inatoka haraka kwamba una kiu. Maji yanaongezwa, mche unazidi kulala, maji yanaongezwa tena. Ila viungo vingi ninavyoonyeshwa vikiwa hoi, kuanzia Area C hadi Nkuhungu, havikuuawa na ukame. Viliuawa na hofu ya ukame: ndoo isiyo na tundu, maji ya chumvichumvi yanayonyunyizwa kidogo kidogo kila jioni, samadi mbichi iliyotiwa kwa nia njema.

Wanaohangaika zaidi ni waliohamia. Tangu wimbi la kuja Dodoma lianze mwaka 2016, watu wamekuja na desturi za kumwagilia za Dar es Salaam, ambako hewa yenyewe ina unyevu, au za Arusha, ambako kuna ubaridi na udongo wa volkano. Hapa tuko mita 1,100 na ushee juu ya usawa wa bahari, hewa kavu, jua kali, usiku wa Juni na Julai unashuka hadi nyuzi 13 au 14. Mmea uleule unaishi maisha mengine.

Nimepanga haya kwa dalili. Tafuta unayoiona kwenye baraza lako, anzia hapo.

Kabla hujagusa chochote

Chomeka kidole kwenye udongo hadi kiungo cha pili. Kupapasa juu hakusaidii, maana juu panakuwa pamekauka saa tatu asubuhi hata kama chini ni tope. Kisha nyanyua chombo. Dumu la lita 5 lililokatwa, udongo wake ukiwa mkavu, ni jepesi kiasi kwamba mkono ukishalizoea hutahitaji kipimo kingine. Angalia pia jani lipi lilianza kuumwa: la chini lililozeeka, au changa la juu? Mwisho geuza jani uone mgongo wake, kwa sababu wadudu wengi wanajificha huko.

Fanya hivyo kabla ya kwenda duka la pembejeo. Ukifika pale na maelezo ya "mmea wangu unaumwa" utauziwa chupa, na chupa hiyo huenda haihusiani kabisa na kinachokusumbua.

Mbegu hazioti

Giligilani ndiyo inayolalamikiwa zaidi. Ile punje ya mviringo unayoiona si mbegu moja, ni mbegu mbili ndani ya ganda moja gumu. Weka punje kwenye kitambaa, zibingirishie chupa taratibu mpaka zipasuke vipande viwili, halafu ziloweke usiku kucha. Fukia kama sentimita 1. Zinaweza kuota baada ya wiki moja, zikachelewa zinafika hata wiki tatu, kwa hiyo usifukue kila siku kuchungulia.

Je, punje za viungo vya jikoni zinazouzwa soko la Majengo zinafaa? Zinafaa kama ni nzima, hazijakaangwa wala kukaa dukani hadi zikapoteza harufu. Usibahatishe. Weka punje 10 kwenye kitambaa chenye unyevu ndani ya mfuko, zitunze mahali pa joto. Zikiota 6 au zaidi, panda. Zikiota 2, zirudishe kwenye pilau.

Mrehani una kosa la kinyume chake, kwani watu wanaufukia mno. Mbegu zake ni vipunje vyeusi vidogo, zinataka kulazwa juu ya udongo laini na kupakwa vumbi la udongo tu. Shida ya hapa ni kwamba udongo wetu mwekundu ukimwagiwa maji na kupigwa jua unaganda juu kama sakafu, na chipukizi dogo haliwezi kuupasua. Funika kitalu kwa kipande cha gunia lililoloweshwa, halafu chungulia asubuhi na jioni. Siku utakayoona kijani cha kwanza, toa gunia siku hiyohiyo. Likichelewa hata siku mbili, miche inarefuka, inapauka na kulala.

Kama ulipanda vizuri na hakuna hata mbegu moja iliyobaki udongoni, angalia msafara wa sisimizi. Mbegu za mrehani wanazibeba moja moja. Weka kitalu juu ya matofali yaliyosimama ndani ya sahani za maji.

Miche imeota, kisha imeanguka

Shika mche mmoja ulioanguka, uangalie pale shina linapoingia ardhini. Kuna hali mbili zisizofanana. Kama shingo imekuwa nyembamba kama uzi, imelainika na ina rangi ya kahawia, lakini mche bado umeshikilia mzizi, huo ni ugonjwa wa kinyausi. Unaletwa na kuvu wa udongoni, na unashamiri miche ikibanana, udongo ukilowa muda wote na hewa isipopita. Miche iliyoshikwa haiponi. Ing'oe na kidonge chake cha udongo, punguza iliyobanana, acha uso wa udongo ukauke kati ya umwagiliaji mmoja na mwingine, mwagilia asubuhi. Ukipanda tena, udongo wa kitalu uweke kwenye chekecheke na uumwagie maji yanayochemka, uuache upoe.

Kama shina limekatwa kabisa, safi, na mche umelala pembeni ukiwa bado wa kijani, huyo ni sota, kiwavi anayekata miche usiku. Chimba kidogo kuzunguka mche uliokatwa, sentimita 2 au 3. Utamkuta kajikunja kama herufi C, ana rangi ya udongo. Mtoe kwa mkono. Hakuna dawa inayoshinda hiyo kwa chombo kimoja cha barazani.

Na kama mche haupo kabisa, wala mzizi, muulize kuku.

Majani yamelala

Hapa ndipo jagi linapoua, kwa hiyo twende taratibu.

Yanalala saa nane mchana na kusimama jioni, udongo una unyevu wa wastani: usifanye lolote, au sogeza chombo kivulini. Oktoba na Novemba joto la mchana linazidi nyuzi 30 na mizizi haiwezi kupandisha maji kwa kasi ambayo jani linayapoteza. Mnanaa na mrehani hufanya hivyo kama tabia. Angalia tu chombo kimekaa wapi. Ukuta wa mabati unaotazama magharibi unachoma zaidi ya jua lenyewe, na sakafu ya saruji inaendelea kutoa joto hadi usiku. Viriba vyeusi vya plastiki vikipigwa na jua la mchana vinapika mizizi. Vivike gunia, au pakaa chokaa nyeupe upande wa nje wa dumu.

Yanalala asubuhi na mapema, udongo umelowa: mizizi imeoza. Udongo ukijaa maji muda wote hewa haipiti, mizizi inakufa, na mzizi uliokufa haunywi. Mmea unakuwa na kiu huku umesimama kwenye maji. Uthibitishe. Geuza chombo, toa bonge lote kiganjani. Mizizi mizima ni myeupe au ya rangi ya krimu, inakatika kwa kishindo kidogo na inanuka udongo. Iliyooza ni ya kahawia, inanuka mtaro, na ukiuvuta mmoja kwa vidole ganda lake linavuka lote mkononi mwako na kuacha kauzi kembamba. Ukiona hivyo kata mizizi yote ya namna hiyo, punguza na majani kwa theluthi ili mmea usidai maji mengi, panda upya kwenye udongo mkavu kiasi, weka kivulini. Kama zaidi ya nusu ya mizizi imeshaoza, okoa vikonyo tu. Mnanaa na mrehani vinatoa mizizi vizuri ndani ya glasi ya maji kwa wiki moja au mbili.

Kisha shughulikia sababu. Ndoo ina matundu? Toboa matano au sita kwa msumari uliopashwa kwenye jiko la mkaa, na kaa nje wakati plastiki inaungua. Udongo umechota wapi? Ule mweusi wa mbugani, unaopasuka kiangazi na kunata masika, usiutumie kwenye chombo hata kama shambani unazaa. Changanya sehemu mbili za udongo wa juu mwekundu, moja ya samadi iliyooza, moja ya mchanga wa korongo. Kwa rozimeri na thaimu ongeza mchanga mpaka ukaribie nusu.

Kuna ushauri wa kuweka kokoto chini ya ndoo "ili maji yapite". Achana nao. Maji hayashuki kwa urahisi kutoka kwenye udongo laini kuingia kwenye kokoto, yanasimama juu yake, na sehemu iliyolowa inasogea karibu zaidi na mizizi. Umepoteza kina bure. Weka kipande cha neti juu ya matundu ili udongo usitoke, inatosha.

Yanalala, unamwagilia kila siku, lakini kidole kinakuta vumbi: huu ndio ugonjwa wa Dodoma hasa. Udongo wenye samadi ukishakauka kabisa unakataa maji. Unamwaga, yanapita pembeni kati ya bonge na ukuta wa ndoo, yanatokea chini, unaridhika. Katikati hakujalowa hata tone. Ingiza chombo chote kwenye beseni la maji hadi ukingoni, subiri mapovu yaishe kutoka, kisha kitoe kijichuje. Baada ya hapo tandaza nyasi kavu au pumba za mpunga unene wa sentimita 3 juu ya udongo.

Majani yana njano

Hapa ndipo lile swali la jani gani lilianza linapolipa.

Kama ni ya chini, ya zamani, na njano ni ya jani zima, mmea una njaa ya naitrojeni. Unavunja majani ya zamani kulisha machanga. Loweka samadi iliyooza vizuri kwenye ndoo ya maji, sehemu moja kwa kumi, siku chache, chuja, mwagilia kila baada ya wiki mbili. Vyombo vidogo vinaishiwa haraka kwa sababu kila maji yanayotoka chini yanaondoka na chakula.

Kama ni ya juu, machanga, na mishipa imebaki ya kijani huku katikati pamepauka, ni chuma kinachokosekana. Kinakosekana mmeani tu, maana udongoni mara nyingi kimo tele, ila udongo ukielemea upande wa magadi mizizi haiwezi kukichukua. Na kinachousukuma udongo wa ndoo huko ni maji magumu ya kisima pamoja na majivu. Majivu! Kila nyumba yenye jiko la mkaa inayamwaga kwenye maua kwa imani kwamba ni mbolea ya kila kitu. Kwenye udongo wenye asidi ni mbolea kweli. Kwenye ndoo inayomwagiwa maji ya kisima cha hapa unaongeza magadi juu ya magadi. Acha majivu, ongeza mboji, na kila unapoweza mwagilia maji ya mvua.

Njano ya mmea mzima pamoja na udongo uliolowa, rudi kwenye mizizi iliyooza.

Kingo za majani zimeungua

Ncha na kingo zinakuwa za kahawia, kavu, zinavunjika kama karatasi, wakati katikati ya jani bado kuna kijani. Angalia na uso wa udongo au mdomo wa chungu: kuna ukoko mweupe? Hiyo ni chumvi.

Maji mengi ya jiji yanatoka ardhini, kwenye visima vya Mzakwe katika bonde la Makutupora, na mitaa ya pembezoni wengi wanategemea visima vya kuchimbwa. Maji ya ardhini ya ukanda huu mara nyingi yana chumvichumvi. Birika lako linajua: ule utando mweupe unaokwaruza kwa kijiko ndio huohuo unaobaki kwenye ndoo ya nanaa. Maji yanapaa, chumvi inabaki, na kila jagi dogo la jioni linaongeza tabaka. Unyunyizaji wa kidogo kidogo unazidisha tatizo kwa sababu maji hayafiki chini kuitoa chumvi nje.

Mwagilia mara chache, lakini kwa wingi mpaka maji yatoke matunduni, na usiyaache yasimame kwenye sahani. Ukoko ukishaonekana, kwangua sentimita ya juu utupe, halafu osha udongo: pitisha maji mara mbili ya ujazo wa chombo, polepole. Najua siku za mgao wa maji ushauri huu unaudhi. Basi panga kuufanya wakati wa mvua. Januari ikipiga mvua ya maana toa vyombo vyote uwanjani viloweshwe na mbingu bure, na kinga maji ya paa kwenye pipa yakusaidie miezi ya mbele.

Maji ya kurudia kutumia yapo yanayofaa: ya kuoshea mchele, ya kusuuzia mboga. Ya kufulia kwa sabuni ya unga hayafai, yana chumvi na magadi. Ya dawa ya kung'arishia nguo usiyafikirie, na ya kuchemshia chakula kilichotiwa chumvi yaende chooni.

Kama hakuna ukoko, tazama muundo wa kuungua. Upande mmoja tu wa mmea, ule unaotazamana na upepo: ni upepo. Kuanzia Juni hadi Oktoba upepo wa hapa unakausha jani kuliko jua, na chombo kilichokaa pembeni ya ukuta kinapona bila tiba nyingine. Kama kuungua kumekuja siku chache baada ya kutia samadi, ni samadi mbichi. Iliyooza hainuki mkojo na haipati joto ukiilowesha na kuirundika. Samadi ya mbuzi inadanganya kwa sababu vile vigololi vikavu vinaonekana salama. Vivunje, vilowanishe, vifunike kwa gunia wiki kadhaa kabla ya kutumia.

Giligilani imerefuka, imetoa majani membamba na maua

Imekimbilia mbegu, na hakuna kuirudisha. Kukata maua kunakupa siku chache tu. Giligilani ikihisi joto, kiu au kusumbuliwa mizizi inaamua maisha ni mafupi, inazaa haraka. Kwa hiyo usiihamishe kutoka kitalu kwenda chombo kingine, ipande palepale itakapokaa, kwenye chombo chenye kina cha sentimita 20 angalau.

Majira ndiyo yenye uamuzi. Hapa giligilani nzuri ni ya kupanda Aprili hadi Julai, ubaridi ukiwepo, ukiwa na maji yako. Ya kupanda Septemba itakutia aibu, labda iwe chini ya neti ya kivuli na jua la asubuhi tu. Wenyeji wa Kondoa, huko juu penye ubaridi zaidi, wana nafasi ndefu kidogo. Panda kidogo kila baada ya wiki tatu badala ya nyingi mara moja, na anza kuchuma ikifika wiki ya tano hivi, majani ya nje kwanza.

Iliyokwisha kutoa maua iache. Nyuki na nyigu wadogo wanaokula vidukari wanaipenda, na mwishoni unavuna mbegu zako mwenyewe za msimu ujao.

Mrehani ni mrefu, majani machache

Haukatwi. Watu wanachuma jani moja moja kutoka chini, kwa huruma, na kuacha kichwa kikue. Fanya kinyume. Mmea ukifika sentimita 15 hivi, kata shina juu kidogo ya pacha ya majani. Pale pachani patatoka matawi mawili, nayo utayakata vilevile baadaye. Ukiona kichwa kinaanza kujipanga kama kimnara cha vichanua, kata hapohapo.

Lakini kama ni Julai na mrehani umedumaa, majani yamejikunja na yana madoa meusi, kisu hakihusiki. Ni baridi ya usiku. Uingize ndani jioni, upunguzie maji, usiupe mbolea, subiri Septemba.

Vumbi, utando, unga na vitone

Kiangazi, jani linapoteza rangi kwa vitone vidogo vidogo vyeupe mpaka linaonekana limefubaa, mgongoni kuna utando mwembamba sana. Weka karatasi nyeupe chini ya tawi, ligonge. Vumbi linalotembea ni utitiri mwekundu. Wanapenda ukavu, joto na vumbi, yaani wanapenda Dodoma ya Septemba. Tiba ya kwanza ni maji: osha migongo ya majani asubuhi, kila baada ya siku mbili au tatu, kwa wiki mbili. Wasipokwisha, kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kwenye lita 1 ya maji, nyunyiza jioni jua likishatua, suuza kesho yake asubuhi.

Vidukari, wale wanaokaa makundi kwenye vikonyo vichanga na kuacha jani linanata, wanaondoka kwa sabuni hiyohiyo au kwa kidole tu. Ukiona sisimizi wengi wakipanda mmea, vidukari wapo juu, kwani sisimizi wanafuata utamu wao.

Mwarobaini uko kila mtaa hapa mjini, utumie. Mbegu zilizokauka, ziponde, gramu 50 kwa lita 1 ya maji, laza usiku, chuja kwa kitambaa, nyunyiza jioni. Ujue tu kwamba ladha ya mwarobaini haiondoki haraka, kwa hiyo vuna kwanza unachotaka kula wiki hiyo. Kuna wanaonyunyizia maji ya tumbaku. Sikushauri hata kidogo kwa kitu unachokwenda kutia kwenye chai: sumu ya tumbaku inapita kwenye ngozi na inabaki kwenye jani. Vivyo hivyo makopo ya zamani ya viuatilifu au ya rangi hayafai kupandia viungo, hata yakioshwa mara ngapi.

Masika yanakuja na mengine. Mgongo wa jani la mnanaa ukiwa na vipele vya rangi ya machungwa, ni kutu. Kata mnanaa wote hadi usawa wa udongo, vitu vyote vichomwe au vifukiwe mbali, utachipua upya. Jani la mrehani lenye manjano kati ya mishipa na ukungu wa kijivu mgongoni ni ubwiri vinyoya, na hapo ng'oa mapema kabla jirani hajaambukizwa. Unga mweupe juu ya majani ni ubwiri unga, unataka hewa zaidi na msongamano mdogo.

Rozimeri inakauka huku inaonekana nzima

Rozimeri haijui kunyauka. Majani yake ni magumu kama sindano, yanabaki yamesimama hata mmea ukiwa umekufa wiki mbili. Kwaruza shina kwa ukucha: kijani chini ya ganda, bado hai; kahawia kavu, hapo pamekufa. Kwaruza ukishuka mpaka ukute kijani, kata juu yake.

Sababu karibu kila mara ni maji mengi. Huu ni mmea wa pwani kavu za Mediterania, na kati ya viungo vyote ndio unaoipenda Dodoma bila kubembelezwa. Upande ardhini, kwenye tuta lenye mchanga, jua la siku nzima, mwagilia udongo ukishakauka kabisa. Usianze na mbegu, zinachelewa na nyingi hazioti. Omba kikonyo cha sentimita 10 hadi 12 kwa mwenye nao, toa majani ya nusu ya chini, chomeka kwenye mchanga wenye unyevu, kivulini, wiki sita au zaidi. Usiuvute kuupima.

Mchaichai haukuchipua

Ulinunua shina sokoni lililokatwa kitako. Bila kile kitako kigumu chenye pete za mizizi hakuna kinachoota, hata ukiliweka kwenye maji mwaka mzima. Chagua mashina yenye kitako kizima, simamisha kwenye maji ya sentimita 3, badilisha maji kila siku mbili, mizizi itaonekana wiki ya pili au ya tatu. Au nenda kwa jirani mwenye shina kubwa, "Mama, naomba nipasue kidogo mchaichai wako", na utapewa na chai juu. Usiupande kwenye kopo, unataka ardhi au gunia zima.

Mchwa wamekula shina

Wanafuata matandazo makavu. Yaache umbali wa vidole vinne kutoka shinani, na vyombo vikae juu ya mawe, visigusane na ardhi.

Mmea mzuri, harufu hamna

Majani makubwa, ya kijani kibichi, yananawiri, ukiyasaga mkononi hayanuki. Umeuotesha kwa starehe mno: samadi nyingi, maji mengi, kivuli. Mafuta yanayotoa harufu yanaongezeka mmea ukipata jua la kutosha na shida kidogo. Sitisha mbolea mwezi mmoja, ongeza saa za jua la asubuhi, acha udongo ukauke zaidi kabla ya kumwagilia. Mnanaa usiuweke kwenye jua la mchana kutwa, saa nne za jua la asubuhi zinautosha.

Saa ya kuvuna nayo ina neno. Chuma asubuhi umande ukishakauka, kabla jua halijakuwa kali, na kabla mmea haujafungua maua. Kama unakausha, funga vishada vidogo na uvining'inize ndani kivulini penye upepo. Jua la hapa linakausha mnanaa kwa siku moja, na kinachobaki ni majani ya kahawia yasiyo na kazi. Kivulini, kwa hewa yetu kavu, siku nne au tano zinatosha. Majani yakivunjika kwa sauti ukiyabana yaingie kwenye chupa yenye kifuniko, na chupa ikae kabatini mbali na jiko.